Upande wa Pili

Zilitoka mifukoni mwa makoti, zote mbili,
siku mjomba Asangalwisye alipofungua belo pale Mwanjelwa,
mwaka tisini na nne, Juni ikiuma vidole:
kaseti moja nyeusi, haina jina,
nyingine ya njano, jina limefutika zikabaki herufi tatu.
Roki, alisema mjomba, kelele za vijana wa Ulaya.
Makoti akayauza. Kaseti akaturushia
kama arushiaye kuku punje.

Nyeusi akaidaka Lugano.
Ya njano ikawa yangu.

Redio moja, betri nne
tulizozianika juu ya bati kama dagaa
na kuzing'ata zilipokaribia kukata roho.
Kurudisha nyuma ni kwa kalamu;
betri ni za kusikilizia.

Sasa nieleze tofauti, maana tuligombana miaka miwili.

Nyeusi inaanza kwa kunong'ona,
halafu bila hodi inakurukia:
mashine ya Mwasandube ikishika kasi,
debe zima la mahindi likilia tumboni mwake.
Mwimbaji anapayuka kama aliyefungiwa nje usiku wa mvua.
Lugano alisema, huyu ndiye mkweli.
Nikasema, huyu ana njaa tu.

Ya njano haina haraka.
Gitaa lake ni manyunyu ya Tukuyu,
hayanyeshi, hayaachi,
na mwanamke anaimba huku akiwaza jambo jingine,
kama anayechambua mchele na barua iko kifuani.
Wimbo wa nne, naapa, alikuwa anasema *ndaga*.
Ndaga, ndaga fijo.
Mzungu wa watu, anatushukuru kwa lipi?
Lugano alicheka mpaka akalala chini.
Hizo, alisema, ni nyimbo za kusubiria uji upoe.

Akapanda treni Iyunga kwenda Kapiri,
nyeusi mfukoni.
Hatukuagana vizuri. Nilimwambia,
angalau sasa nitasikiliza kwa amani.

Yangu ilimezwa na redio miaka saba baadaye.
Utepe nikaufunga kwenye miti ya maharage kutisha ndege.
Upepo wa Loleza uliupiga
ukatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ndani yake.

Juzi Gwamaka, mwanangu, kazipata zote kwenye simu;
niliiimbia simu vipande, ikajibu.
Safi. Hazina mchanga, hazina mkwaruzo.
Na wimbo wa nne, neno si *ndaga*.
Ni neno lingine kabisa. Alianza kunifasiria,
nikamwambia aache.

Ila nyeusi.
Nimeisikiliza nina miaka arobaini na sita,
nimeshazika wawili,
na yule mpayukaji hakuwa na njaa.
Alikuwa amefungiwa nje kweli.

Nikamwandikia Lugano: ulikuwa sahihi.
Kimya. Ndizi zikaiva, zikaipuliwa, zikaliwa.
Usiku ndipo ikaja sauti yake, ina kikohozi cha mgodini:
Dada, nyeusi niliiuza Kitwe kwa mkate,
hata mwezi haukuisha.
Mimi huku naimba ile yako. Ile ya *ndaga*.

Nikasema, hasemi *ndaga*.

Akasema, anasema.