Pindo la Ndani

Kabla chai haijachemka nawasikia:
raba mia mbili juu ya lami ya Mtongwe,
moja-mbili, moja-mbili,
na afande akiwakokota wa nyuma kwa matusi ya adabu.
Wakipita mbele ya kibanda changu,
fulana zote nyeupe, bukta zote buluu,
utadhani ni mtu mmoja kafyatuliwa kama tofali.

Mimi ndiye niujuaye uongo huo.

Kwangu huletwa Alhamisi, kwenye mifuko ya unga,
chumvi imechora visiwa mgongoni.
Hii, kiuno kimelegea: mwenyewe hali,
mshahara wote unapanda Wundanyi kujenga nyumba ya mama.
Hii imetatuka mapajani, pale pale, mara ya tatu.
Pushapu hazipasui hapo.
Hapo hupasua viazi karai vya Bi Tima.
Fundi hasemi. Mdomo wake una pini.

Sajini Mwakio huja usiku, taa za duka zikishazimwa.
Miaka kumi na tisa anawakimbiza wenzake,
filimbi shingoni kama hirizi.
"Ongeza vidole viwili," ananong'ona, "na mtu asijue."
Nampima. Anabana pumzi, anameza tumbo,
kana kwamba futi yangu ni mkaguzi kutoka Nairobi.
"Pumua, baba. Simshonei maiti."
Anacheka,
na vile viwili vinakuwa vinne.

Halafu kuna Koplo Dzame.
Alijifungua masika yakianza.
Aliporudi kazini, bukta ilikuwa ile ile, namba ile ile,
kama vile mtoto alitolewa stoo kwa kutia saini.
Alisimama hapa, pazia nimelishusha,
maziwa yamelowesha maduara mawili kwenye fulana ya serikali.
"Wananicheka nikikimbia."
Basi. Hakuongeza neno, wala hakulia.
Ni mimi niliyepapasa tundu la sindano nisilione.

Nikamtilia tabaka la pamba ndani ya fulana,
cheupe juu ya cheupe, hata jicho la afande lisikamate.
Bukta nikaifumua ubavuni, nikaipachika kipande
cha bukta ya baharia mmoja aliyestaafu bila kuja kuichukua.
Tangu hapo kila Alhamisi nampunguzia upana wa kidole.
Wiki nyingine namrudishia.
Mwili hausikii "nyuma geuka".

Siku ya mtihani wa mwaka niliiacha cherehani na nguo ya bibi harusi mdomoni,
nikaenda kusimama kwenye uzio.
Wengine walitazama saa.
Mimi nilitazama mishono.
Mzunguko wa nne, Sajini akashika ubavu,
filimbi ikimpigapiga kifuani kama mtu anayebisha hodi.
Dzame akamfikia. Akampita hatua mbili, tatu,
kisha akazipunguza.
Alimwambia nini, sikusikia; upepo ulikuwa wa kwao.
Niliona tu migongo miwili iliyolowa
ikikata mstari pamoja, si ya kwanza wala ya mwisho,
na uzi wangu haukuachia popote.

Msinisifu. Siri yangu ni ndogo.
Kitambaa kinachozidi sikikati.
Nakikunja ndani, nakilaza kimya karibu na ngozi,
kwa siku mwenyewe atakaponenepa, au kuzaa,
au kurudi kutoka mpakani amebaki mifupa.
Mkasi hauna toba.

Leo ni Alhamisi, na mfuko umekuja mwepesi.
Amri mpya, kijana wa stoo ameniambia:
sare za mazoezi zimebadilishwa, hizi za sasa zimetoka kiwandani,
kitambaa chepesi, kinanyonya jasho, kinakauka ukitazama.
Ameniachia moja niione.
Nzuri kweli. Inateleza mkononi kama samaki.
Nimeigeuza ndani nje chini ya taa,
nikautafuta upindo kwa ukucha.

Hawakuacha hata nusu kidole.