Mfereji Nambari Tisa

Kwenye ramani ya halmashauri ni Mfereji Nambari Tisa.
Parehuia haangalii ramani. Anasema Waituna,
maji ya mikunga, kama alivyosema bibi yake,
kisha anatugawia glavu zisizolingana
na kutuonyesha pa kuanzia: nyuma ya karakana ya matairi,
pale mierebi ilipoinama ikaziba mwanga.

Jumamosi ya pili ya mwezi. Baridi ya Julai
inauma vidole mpaka ndani ya kucha.
Kwenye orodha tuko kumi na mmoja, leo tisa:
Jitesh ametundika kibao mlangoni, "Narudi sasa hivi",
Sefo na Iosua wamekuja na msumeno wa kuazima,
wanaugombania kama rimoti,
na mzee Des Lockwood, asiye na maneno,
amekuwa akikata miiba tangu kabla hatujafika
kama mtu anayelipa deni kwa senti moja moja.

Tunang'oa, tunaburuta, tunarundika.
Chini ya matope: kiti cha mtoto cha kwenye gari,
troli ya supamaketi iliyogoma kutoka,
simu ya mezani, ile ya kuzungusha, mkono wake unaning'inia
kana kwamba mtu aliambiwa "subiri kidogo"
na bado anasubiri.

Halafu tunapanda. Harakeke: jina lina haraka,
mmea wenyewe hauna.
Mwezi wa Mei tulipanda mia tatu na arobaini.
Mwezi wa Juni maji yalishuka na hasira zake
yakabeba mia mbili na tisini, vigingi na vyote.
Tulihesabu mara mbili. Hakuna aliyelia,
ila Iosua aliipiga teke ndoo
na ndoo nayo ikaenda na maji.

Wakati wa chai Des akasema. Hakuna aliyemuuliza.
"Ni mimi," akitazama kikombe.
"Mwaka sabini na nne. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili
na katapila jipya la halmashauri.
Kijito kilipinda hapa, na pale, na pale tena penye nguzo.
Nilikinyoosha kwa siku sita.
Mierebi hii niliichomeka kwa mkono wangu, ishike kingo.
Mikunga walitoka pamoja na matope, wanene kama paja,
tukawatupa kwenye nyasi, tukacheka walivyojinyonga.
Nilipewa barua ya pongezi.
Ninayo bado."

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo,
walisema waliotangulia, nao walikuwa na wakunga wengine akilini.
Parehuia alimwongezea chai.
Akakaa. Akakaa tena. Kisha:
"Kilipinda wapi hasa? Nionyeshe."
Wakaenda wawili, mmoja na fimbo, mmoja na kopo la rangi,
wakichora juu ya nyasi mgongo wa kitu
kilicholazwa miaka hamsini kimenyooka kama maiti.

Majuto ni mjukuu. Wa Des ana miaka saba,
anaitwa Bonnie, mabuti ya njano, la kushoto linavuja.
Ndiye aliyechuchumaa penye ile troli.
"Babu, kuna mpira wa maji unapumua."

Tukainama wote kama waliopoteza pete.
Ndani ya waya, chini ya harakeke moja,
moja kati ya mia mbili na tisini,
iliyonasa hapo na mizizi yake yote,
kichwa cheusi, bapa, na jicho dogo
lililotutazama bila kutupa umuhimu wowote,
likarudi gizani.

Sefo akazima msumeno.
"Troli iacheni," akasema Parehuia.
Des alipiga magoti polepole, goti moja kwanza,
akamwaga chai iliyobaki,
akachota udongo kwa kikombe,
akaukandika kwenye mizizi, kikombe baada ya kikombe,
huku Bonnie akihesabu kwa sauti na kukosea.

Ilikuwa saa tisa. Ng'ambo ya uzio
wateja wawili walikuwa wamesimama mbele ya karakana
wakisoma kibao cha Jitesh,
na Jitesh, matope hadi kwenye viwiko,
alikuwa bado anarudi sasa hivi.