Pasi ya Makaa

Makadara, mwezi wa Machi. Stima imerudi saa tatu na nusu
ila baba haiamini, angali na pasi yake ya makaa.
Ananyunyiza maji juu ya kanzu ya watu,
anapitisha chuma, na mvuke unaruka,
shhh, kama mtu anayenyamazisha watoto.

Balbu iko upande wa dirisha. Ukuta wa pili unachora yote:
kivuli cha pasi, cheusi, chenye ukingo,
na nyuma yake kivuli kingine, chembamba,
ambacho ukikikazia macho hakipo.

Hicho cha pili ndicho kazi yangu, nikamwambia.
Ndicho ninacholipwa kukitafuta.

Iko sayari, baba, uzito wake dunia mia tatu,
nayo inalizunguka jua lake kwa siku tatu tu.
Kabla matanga kuanuliwa, mwaka wake umekwisha.
Yenyewe hatuioni. Tunaona jua lake likififia kidogo,
kidogo kuliko taa hii nzi anapoikatiza,
kisha likarudi. Hicho ni kivuli cha chuma.
Lakini tukichuja tukabakisha rangi moja,
ile iliyo chini ya nyekundu, isiyofikiwa na jicho,
jua linachelewa kurudi.
Kuna kitu kinafuatia. Mkia.
Haidrojeni, heliamu, angahewa yake yenyewe,
maelfu ya tani kila sekunde,
imepigwa miale hata ikachemka, ikasahau kuwa ina uzito,
ikatoka mbio ikamwacha mwenyewe.

Akageuza kola.
"Na nani aloipeleka karibu hivo?"

Nikasema hatujui kwa hakika.
Huenda ilizaliwa mbali, penye barafu, ikasogea pole pole,
au ikasukumwa na ndugu zake.

Akanyamaza. Najua alikokwenda:
Siu, mwaka ule minazi ilipogawanywa,
wana wanne, mafungu matatu.
Akashuka Mombasa na shati moja,
akasimama mbele ya jiko la Gulamali kwa wiki mbili za majaribio.
Gulamali amekufa, jiko limejengwa upya mara tatu,
majaribio hayajesha.

Mshipi wake una matundu manane.
Matano ni ya kiwandani.
Mengine katoboa mwenyewe, kwa msumari wa moto,
moja baada ya jingine, kwenda ndani.
Mama ndiye aliyekuwa akihesabu.
Mimi sihesabu. Naangalia tu
ncha ya mshipi inavyozidi kuning'inia.

"Basi itakwisha," akasema. Hakuwa akiuliza.

Hapo nilikuwa tayari kusema uongo, na haikunibidi.
Zilizo kubwa kweli, baba, hazimaliziki.
Miaka bilioni kadhaa, na hutoka labda sehemu moja katika mia.
Zinavuja, zinavuja, na zipo.
Za wastani ndizo zinazovuliwa nguo zote
zikabaki kokwa: jiwe tupu
linalozunguka pale pale, kwa mwendo ule ule,
kama kwamba halikuibiwa kitu.

"Na mimi ni ipi?"

Nami sikuwa nimetaja habari zake.

Akafungua mdomo wa pasi, akapuliza.
Jivu likaruka likatua juu ya daftari langu,
juu ya mchoro wa nuru inayoinama na kuchelewa kuinuka.
Akanipa kanzu niikunje. Nikaishika mabegani,
ingali na joto, kama mtu aliyetoka ndani yake sasa hivi.

Alikuwa amesimama karibu mno na balbu.
Kivuli chake kilijaa ukuta, kikakunjika, kikapanda dari.
Nikatazama ukingoni, pale bega linapoishia,
nikakitafuta kile cha pili
kwa subira ile ile ninayolipwa.
Palikuwa na kitu. Au ni jicho langu, limechoka.

"Zima taa," akasema. "Stima ni pesa."