Fundi wa Kuua

Wamenipa ovaroli mpya na cheo kisichokaa ulimini:
Msimamizi wa Uzimaji, Kituo cha Wete.
Kazi yenyewe ndogo. Mwaga oili.
Tia dawa, lita mbili, nzito kama uji wa mgonjwa.
Washa. Kanyaga mafuta mpaka chini.
Hesabu.
Dakika tatu, maelekezo yanasema, haipiti hapo:
dawa inageuka kioo ndani ya vyuma
na injini inajikaba yenyewe.
Nalipwa kwa kichwa.

*Leta mkweche, upunguziwe ushuru wa gari mpya*,
redio ilisema mwezi mzima, baada ya matangazo ya vifo.
Wakaleta. Za Konde, za Mtambwe, za Mzambarauni,
nyengine zinasukumwa,
moja imefungwa kamba nyuma ya gari ya ng'ombe
na ng'ombe hakugeuka kuitazama.

Nazijua. Hii niliikatia gasketi ya boksi la viatu
usiku wa kuamkia Idi.
Ile, breki zake niliziombea dua
zaidi ya nilivyozitengeneza,
na ikenda Chake ikarudi, miaka minne, salama.
Miaka thelathini nimeziambia: amka.
Sasa nimeajiriwa kwa neno jengine.

Jumatatu ikaja Korola ya Mize Asaa.
Gari ya marehemu Khatib, mumewe.
Kila ukiiwasha, mwanamke husema kutoka ndani ya dashibodi,
Kijapani, kwa sauti ya mtu anayekaribisha wageni.
Hatukupata kujua anasema nini.
Pengine: fungeni mikanda.
Pengine: kwetu nilishatupwa, mbona mnaniamsha?
Khatib alimwitikia kila asubuhi, "Marahaba, mwanangu,"
miaka kumi na moja,
na watoto kiti cha nyuma wakaitika pamoja naye,
hawajui kama zipo gari zisizosalimu.

Stika ya ukaguzi wa kwao ingali kiooni.
Kule iliitwa chakavu, mwenyewe akalipwa aiachie.
Hapa tuliichinjia kuku.

Mize hakushuka upesi. Alitoa vitu drooni kimoja kimoja:
chanuo, risiti ya karafuu iliyofifia,
kiatu cha mtoto, cha kushoto,
mtoto ambaye sasa anasoma Tunguu.
Akauliza, "Itaumia?"
Nikasema, "Chuma hicho, dada."
Akanitazama vile wanawake wa hapa
wanavyomtazama fundi aliyesema kesho.

Nikawasha. Yule mwanamke akasema maneno yake.
Hakuna aliyeitika.

Dakika ya tatu. Ya nne.
Karani akaitazama saa, kisha mimi.
Ya saba, moshi mweupe, lakini mlio uleule wa cherehani.
Vijana wa kupakia wakaanza kucheka,
halafu wakaacha.
Ya tisa niliinama kwenye boneti kama nakagua kitu,
nikaiambia: nilikukaza mno, niwie radhi.

Ikanoki.

Gari haifi kimya. Hutiatia *tik, tik*
muda mrefu, chuma kikipoa.
Mize alisubiri mpaka ya mwisho, kiatu mkononi,
ndipo akatia saini.

Karani akataka sababu ya dakika tisa na nusu.
Nikamwambia aandike: dawa imekwisha nguvu.

Kesho kijiko kitazipanda, zilale bapa kama chapati,
meli izichukue zikayeyushwe huko wanakoyeyusha.
Labda zitarudi sufuria. Labda zitarudi gari,
nasi tutazilipia tena.

Sheria inakataza kutoa hata skrubu.
Kile kisanduku kinachosema
hakizidi kiberiti, na waya zake ni mbili tu.
Kiko juu ya kabati, ndani ya kopo la maziwa.
Mke wangu alipouliza nikasema, spea.

Betri ya pikipiki ninayo.
Sijazigusanisha.