Kabati la Prefe

Kanuni ya saba, imebandikwa mlangoni kwa uji wa muhogo:
simu ikionekana, inalala kabatini
mpaka mzazi aje mwenyewe, faini mkononi.

Yangu ilikamatwa Jumanne, katikati ya hesabu.
Aliniachia kaka Muhindo, kioo kimepasuka
kama lava ya barabara yetu, Ndosho.

Prefe Bisimwa analalamika: usiku inatetemeka,
inaangusha chaki.
"Na huyu 'Mama Sake' ni nani?"

Nikatazama viatu vyangu.
Mzazi aje. Sawa.
Njia ya Sake imefungwa wiki ya tatu,
na anayepiga ndiye mzazi.

"Kanuni ni kanuni," akasema, akafunga.

Leo asubuhi, nikifagia ofisi,
nimeona waya wa chaja
umepita chini ya mlango wa kabati.