Mita Moja na Robo

Nilishuka Tororo saa tatu asubuhi
na fomu ya kurasa arobaini na mbili,
futikamba, kipima mwanga cha kuazima,
na viatu vilivyokwisha kuota mvi ya saruji
kabla sijafika langoni.

Klabu ilinisubiri imevaa rasmi.
Mwenyekiti, koti la harusi, vifungo vikilalamika.
Katibu, Bi Nyafwono, daftari kifuani
kama mtu anayekinga mtoto na mvua.

Tulianza na vyumba vya kubadilishia nguo.
Fomu inataka mabafu matano, maji moto.
Pana bomba moja na ndoo tatu zenye majina ya rangi:
Mabeki. Viungo. Washambuliaji.
Na kipa? nikauliza.
Kipa anaoga kwao, ikajibu sauti nyuma yangu,
nyumba ile ya bati jekundu.
Nikatafuta kisanduku cha ujirani. Hakimo.

Nguzo za taa: zinatakiwa nne.
Zipo mbili. Moja ina kiota cha korongo,
nyingine haina hata korongo.
Kipima mwanga nikakirudisha mfukoni
bila kukiwasha.

Kitanda cha daktari kipo, safi,
kimeandikwa ubavuni WODI YA WAZAZI.
Sikuuliza. Niliweka alama ya ndiyo.

Kisha hesabu.
Nimekagua klabu za mjini Kampala
zenye majalada yanayong'aa kama buti la gwaride,
mhuri juu ya mhuri,
na wachezaji wanaokunywa chai ya rangi tangu Machi.
Hapa ni daftari la shule, kurasa mia mbili,
jedwali la kuzidisha mgongoni.
Mishahara, limeandika, imechelewa miezi miwili.
Hivyo hivyo. Kwa wino wa buluu.
Limeandika ndizi. Limeandika chokaa.
Limeandika faini ya kocha aliyemtukana mshika kibendera
kwa lugha tatu.

Na kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi,
mstari usiobadilika, miaka sita:
Ikwaput, elfu hamsini.

Ikwaput ni nani? Hayumo kwenye orodha.

Mwenyekiti akautazama Mwamba
kana kwamba umehamia mjini leo.
Bi Nyafwono akafunga daftari, akatangulia,
tukavuka uwanja hadi ukingo wa mashariki
unapopita mfereji wa zege.
Pima, akasema.

Kutoka mstari mweupe hadi zege:
mita moja na robo.
Fomu inataka tatu.

Alikuwa winga, akasema. Aliufukuza mpira
uliokuwa umeshatoka.
Filimbi ililia; hakuisikia,
siku hiyo tulijaza watu.
Sasa anashona viatu kule Osukuru.
Akanyamaza kidogo.
Anashona vizuri.

Sisi wakaguzi tuna akiba ya maneno laini:
kwa kiasi fulani,
inaendelea kuboreshwa,
itazamwe upya msimu ujao.
Kalamu yangu ilishaanza kuyaelekea,
nami nilidhani natenda wema.

Usituhurumie, akasema.
Huruma tunayo, imo daftarini,
inatugharimu elfu hamsini kila mwezi.
Wangekuja na futikamba miaka saba iliyopita
tungewachukia, tungewaita watu wa Kampala,
na Ikwaput angekuwa anakimbia.

Nikaandika: HAIKIDHI.
Mwenyekiti alisoma juu ya bega langu,
akafungua kifungo kimoja cha koti,
akapumua.

Saa tisa nilikuwa nafunga mkoba
nilipomwona mtunza uwanja, Obbo,
na kamba, vigingi, ndoo ya chokaa,
amepiga magoti upande wa mashariki.
Anausogeza mstari ndani.
Hatua moja. Karibu mbili.
Chokaa mbichi kando ya chokaa kuukuu,
mistari miwili, na kati yake
majani yasiyo ya mtu.

Sasa upana hautatosha, nikamwambia.
Kuna kipimo cha upana pia.

Hakuinua kichwa.
Andika na hilo, akasema,
akavuta kamba.