Tepu ya Mita Thelathini

Tepu yangu inaishia mita thelathini.
Namba za mwanzo zimefutika, zote hadi kumi na mbili,
kwa hiyo huanza kuhesabia kumi na tatu
kisha nikatoa.
Ndivyo ninavyoujua mji huu: kwa kutoa.

Leo ni Kileleshwa. Nyumba moja ya mawe,
paa la vigae, banda la mbwa lisilo na mbwa,
na nyuma yake mteremko hadi mtoni.
Wanataka ghorofa kumi na nane.
Mchoro una lifti mbili, kisima,
na miti ya mviringo kama vifungo vya shati
iliyopandwa na kompyuta
pale pale ambapo mizambarau iliyo hai
imepigwa msalaba wa rangi nyekundu.

Mutindi, mwanagenzi wangu, akashuka na ncha ya tepu.
"Mto unaanzia wapi?"
Swali la mtoto. Swali la mawakili pia.
Mchoro unasema: yalipo maji leo,
Februari, kijito ambacho kuku angekiruka.
Ukuta wa jirani una neno jingine:
mstari wa tope, usawa wa kifua changu,
na juu yake, kwenye seng'enge,
kandambili moja ya mtoto
imening'inia tangu Aprili.

Tulipima kuanzia kwenye tope.

Jioni, ukumbi wa kanisa, viti vya plastiki.
Bi. Rehmat Jiwani, mwenye ule ukuta,
alileta daftari la ndege wake, miaka arobaini na moja:
kwarara wanaomwamsha kabla ya adhana,
kima wanaomwibia mapapai,
bundi mmoja, mara mbili tu.
Alisoma majina polepole, kama mtu anayeita rejista
akijua nusu ya darasa haiji.

Akasimama Bosibori, muuguzi wa zamu ya usiku,
bado na sare, bado na viatu vyeupe.
Anatoka Joska saa tisa alasiri ili awahi saa kumi na mbili.
"Mwanangu ananijua kwa harufu ya spiriti.
Mama, hao kwarara wana anwani Kileleshwa.
Mimi sina."
Watu wakacheka, halafu wakaacha.

Kisha akamgeukia mjenzi: chumba kimoja, bei gani?
Mjenzi alikohoa. Milioni tisa, kwa kuanzia.
Bosibori akaketi.
Kiti kilitoa mlio, na huo ndio ulioandikwa
kwenye kumbukumbu yangu ya mkutano, ingawa niliufuta baadaye.

Sikuwaambia mambo mawili.

La kwanza: kutoka kwenye mstari wa tope
mita thelathini zinapita ua wa Bi. Jiwani,
zinapita mpapai, zinaingia jikoni,
zinaishia kwenye jiko lake la gesi.
Mto ukidai chake, utadai na chai yake.

La pili: mimi hulala Githurai
ndani ya rangi ya buluu.
Niliiona kwenye ramani kuukuu ofisini:
bwawa, na matete yaliyochorwa kwa mkono.
Mvua ikinyesha, chura hutokea kwenye bomba la bafu,
hunitazama nikipiga mswaki.
Kodi nalipa mimi. Yeye hajawahi kuniuliza
nani alifika kwanza.

Fomu ina mistari minne ya maoni ya afisa.
Nimeandika: jengo lirudi nyuma hadi barabarani.
Ghorofa tisa. Theluthi moja kwa bei ya mshahara wa muuguzi.
Mizambarau ibaki.
Mstari wa nne ulikuwa umejaa, sikuweza kuandika kwa nini.
Juu yangu kuna kalamu nzito kuliko tepu;
najua inavyoweza kuusogeza mto
bila kulowa.

Tulipokuwa tukiikunja, tepu ilirudi na tope.
Mutindi aliifuta kwa kiganja, kwa bidii ya mgeni wa kazi.
Nilipoitazama kwenye mwanga wa gari,
kumi na tatu ilikuwa imeondoka.
Kesho tutaanzia kumi na nne.